Makofi ya Rebeka

"Mzungu kajuaje habari ya kamba nyekundu?"

"Mama, kula kwanza. Ugali unapoa."

"Upoe. Na mimi nitapoa nao. Nimeuliza, Mzungu kajuaje? Mtu katoka kwao na ndege, kaja mpaka mwaloni na mkalimani wake, kanikuta nimeinama nageuza dagaa. Kanishika mikono yote miwili, na magamba yake, kaniangalia kama mtu niliyefiwa. Eti pole sana mama kwa mambo ya ile kamba nyekundu. Pole ya nini? Nani kamwambia?"

"Rebeka alikuwepo?"

"Rebeka alikuwa kule anakung'uta nyavu. Angekuwa karibu saa hizi ningekuwa nimeshajitupa ziwani."

Luhende alikuwa anakanda tonge lile lile tangu mama yake aanze kusema. Alimwangalia mama, akamwangalia mke, halafu akarudi kwenye tonge lake kama vile jibu limefichwa humo ndani. Nyumba yao iko Nyakato, jijini Mwanza, nyuma ya kiwanda kilichompunguza kazi mwezi wa pili. Tangu hapo mezani amekuwa mtu wa kusikiliza.

Mama mtu, Ng'washi, anaanika dagaa kwenye mwalo mmoja, ufuko wa wavuvi nje kidogo ya mji. Hana kelele, ila akiuliza jambo haliachi. Mkwe wake Jovina ndiye msomi wa nyumba: mtafiti wa chuo, Mhaya, anaongea Kiingereza mpaka mtu anamwangalia mdomo. Mshahara wake ndio unaoipikia nyumba hiyo. Ng'washi anajua, Luhende anajua, na mbaya zaidi Jovina naye anajua.

"Mama, kuna kitu niliandika," Jovina alisema. "Ila jina lako sikulitaja."

"Ulinitaja nini?"

"Mhojiwa namba saba."

"Saba," Luhende alisema. Ndiyo mara ya kwanza kufungua mdomo. "Mama yangu ni saba."

"Hivyo ndivyo inavyofanyika, Luhende. Ni kumlinda mtu. Mzungu alisoma makala, akaomba amuone mwenye kisa, Dokta Rwehumbiza ndiye aliyemleta mwaloni. Mimi nilikataa. Mama, niamini, hapa mjini hakuna atakayejua. Imeandikwa Kiingereza kitupu, na siyo Kiingereza cha barabarani. Mwaloni nani atasoma? Hata huyu Luhende hawezi kuisoma."

Luhende aliliweka tonge kwenye sahani.

Ng'washi ndiye aliyesema. "Jovina. Siku unaletwa hapa niliweka sheria gani kwenye meza hii?"

Jovina aliinamisha kichwa.

Sheria ilikuwa moja. Mtoto wa Kisukuma alipomleta binti wa Kihaya, watu waliona vita inakuja. Ng'washi akasema mezani ni Kiswahili tu. Atakayeteleza kusema Kisukuma au Kihaya wakati mwenzake amekaa hapo, ataosha vyombo vyote. Luhende ndiye aliyeviosha zaidi, maana mpira ukiwa redioni alikuwa hajijui anatukana kwa lugha gani. Walicheka sana kwa sheria ile. Lakini Ng'washi hakuiweka kwa kucheka. Alisema kumsema mtu hapo hapo alipo kwa lugha asiyoijua ni kumteta huku unampakulia mboga.

"Basi hiki ulichofanya ni nini?" aliuliza. "Nasemwa huko duniani nikiwa nimekaa hapa hapa. Tena na wewe."

* * *

Mwaloni kila mwanamke ana rangi yake ya kamba. Gunia likijaa linafungwa mdomo kwa kamba ya mwenyewe, halafu magunia ya kikundi kizima yanapakiwa lori moja. Mnunuzi hajui majina ya watu, anajua rangi. Ya Ng'washi ni bluu. Ya Rebeka ilikuwa nyekundu.

Ulikuja mwaka wa mvua zisizoisha. Dagaa walikataa kukauka. Ng'washi akafunga magunia matatu yaliyooza katikati, juu akatandaza dagaa wazuri, na midomo ya magunia akaifunga kwa kamba nyekundu. Mnunuzi alirudi amewaka moto. Kikundi kikakaa kikao, Rebeka akalia, akaapa kwa mtoto wake aliyekufa, hakuna aliyemwamini. Kamba ilikuwa yake. Walimtoa kwenye kikundi siku hiyo hiyo.

Rebeka hajafunga gunia la kwake tena. Anageuza dagaa wa wenzake kwa ujira wa siku. Anayempa kazi mara nyingi ni Ng'washi, na watu mwaloni wanamsifu Ng'washi kwa huruma.

Ng'washi aliyasema hayo mara moja tu maishani, jikoni, akichambua mchele na mkwe wake. Alilia na mchele mapajani. Alimwambia Jovina kwa sababu Jovina ni wa nyumbani, na kwa sababu kitu kama hicho kikikaa tumboni muda mrefu kinaanza kunuka. Jovina alimshika bega, akamletea maji. Kesho yake alifika ofisini, akakaa mbele ya kompyuta, na utafiti wake uliokuwa umekwama miezi mingi ukapata roho.

Usidhani alikuwa na nia mbaya. Alipokuwa anaandika hakumwona mama mkwe wake kabisa. Kile Kiingereza kilimtoa Ng'washi jikoni, kikamvua kanga, kikampa namba. Kilichobaki kilikuwa kisa kizuri cha jinsi kamba inavyobeba uaminifu wa watu na jinsi uaminifu unavyoibwa. Jarida la Ulaya lilikipokea, barua za pongezi zikaja. Na sasa wageni walikuwa wanakuja Mwanza kwa mkutano mkubwa, na Jovina alipangwa kusema. Wanawake wa mwaloni walialikwa wote, wakae viti vya mbele, waonekane.

"Siku hiyo utaisema na hiyo kamba?" Ng'washi aliuliza pale mezani.

"Hapana, Mama. Nitaitoa."

"Rebeka atakuwepo. Wamemuita na yeye."

"Nimesema nitaitoa."

"Niambie huku unaniangalia."

Jovina alimwangalia. "Nitaitoa, Mama."

Ng'washi akavuta sahani, akaanza kula ugali uliopoa.

* * *

"Ukitoa kamba, unabaki na nini?" Dokta Rwehumbiza alimuuliza Jovina kesho yake. "Unabaki na dagaa na mchanga. Watu hawapandi ndege kuja kusikia dagaa na mchanga."

Dokta Rwehumbiza ndiye mkuu wa mradi. Si mtu mbaya. Kwenye korido anaongea Kihaya na Jovina, anaulizia wazee wa Bukoba, anamletea senene msimu ukifika.

"Yule ni mama mkwe wangu, Dokta."

"Najua. Nani mwingine anajua?"

"Yeye mwenyewe anajua. Na kati ya wale akina mama yupo aliyesingiziwa. Atakaa pale mbele yangu."

"Akisikia nini? Jovina, tulia. Ukumbi mzima ni Kiingereza. Watakaa, watakula kuku, watapigwa picha, jioni watarudi na posho yao. Hakuna atakayeumia."

"Basi nianze na Kiswahili kidogo. Hata utangulizi tu. Nisiwaweke pale kama maua ya mezani."

Rwehumbiza alicheka, ila kicheko chenyewe kilikuwa kimechoka. "Mimi nilishaandika kwa Kiswahili, nikiwa kijana kama wewe. Juu ya mnyauko wa migomba, ili wakulima kule kwetu wasome. Walisoma kweli. Mzee mmoja alinipa mkungu wa ndizi. Ulipofika wakati wa kupanda cheo, mwenzangu mmoja kwenye kamati akaishika kwa vidole viwili, akauliza, hii nayo tuihesabu? Hawakuihesabu. Tangu siku ile nikajifunza." Alifunga laptopu. "Mkataba wako unaisha lini?"

"Mwisho wa mwezi."

"Na wenye fedha za awamu ya pili wanakaa mstari wa mbele. Wamekuja kwa ajili ya kamba. Amua mwenyewe."

Aliamua. Usimcheke, na wewe ungekuwa na mume aliyepunguzwa kazi tungekuona.

Jioni hiyo alijifungia chumbani kujizoeza. Ng'washi alikuwa amekwenda kulala kwa dada yake, kule Buzuruga. Jovina alisimama mbele ya kioo cha kabati, akasema kisa chote kwa Kiingereza, mwanzo mpaka mwisho, na kila sentensi ilitoka laini. Halafu akajaribu kitu. Akajaribu sentensi moja tu kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini: "Mwanamke huyu alimsingizia mwenzake, na mpaka leo anamtumia kama kibarua."

Alikaa kitandani. Maneno yalikuwa yale yale. Aliyekuwa ameyaandika na kuyasoma mara zisizo na idadi ni yeye, na ndiyo kwanza yanamtoa jasho.

Alipofungua mlango alimkuta Luhende ameegemea ukuta wa korido.

"Redi," Luhende alisema. "Hilo nalijua. Redi ya redi kadi. Umelisema mara nyingi tu."

"Luhende..."

"Si ulimwangalia machoni ukamwambia utaitoa?"

"Mkataba unaisha mwisho wa mwezi. Nikiukosa, mwezi ujao tunakula nini? Niambie wewe. Nikae niitoe, halafu wewe utuletee nini hapa?"

Lilishatoka. Luhende alitingisha kichwa polepole, kama mtu aliyepewa bei aliyoitegemea.

"Mimi sijasikia kitu," alisema. "Si umesema siwezi kuelewa?"

* * *

Wanawake wa mwaloni walikuja na kosta ya kukodi wakiwa na vitenge vya sare. Rebeka hakuwa na hela ya kitenge, aliazima. Viatu pia aliazima, vya Ng'washi, vile vyeusi vya kanisani, maana ndala zake alisema zingewaaibisha wenzake kwenye kapeti. Mlangoni walivishwa vitambulisho vya kuning'inia shingoni. Rebeka alikigeuza cha kwake huku na huku.

"Mama Luhende, hebu nisomee, wameniandika nani?"

"Wamekuandika Rebeka," alisema Ng'washi.

"Basi nimekuwa mheshimiwa. Nikifa mnizike nacho."

Wakacheka. Walikaa mstari wa mbele, upande wa kushoto. Upande wa kulia walikaa wageni, na kati yao yule mama wa Kizungu aliyekuja mwaloni. Saa nzima watu walipanda na kushuka jukwaani wakisema mambo ambayo akina mama waliyasikiliza kama mtu anavyosikiliza mvua. Mmoja akasinzia, akafinywa. Wageni wakicheka, na wao walicheka kidogo, kwa heshima. Rebeka ndiye aliyekuwa macho muda wote. Yeye ni Mkerewe, amezaliwa kisiwani, hajawahi kuingia kwenye hoteli ya namna ile, na hakutaka kitu kimpite.

Jina la Jovina likaitwa.

"Mkwe wetu huyo!" Rebeka alinong'ona kwa nguvu. "Muone. Muone alivyonyooka."

Jovina alianza. Sauti yake ilitulia, Kiingereza kikaja chenyewe kama kilivyozoea. Alieleza ziwa, mchanga, mvua. Kwenye ukuta zilipita picha za mwalo, na akina mama wakawa wanagusana viwiko wakijiona. Hakuthubutu kumwangalia Ng'washi. Alichagua kumwangalia mtu wa nyuma kabisa, mhudumu mmoja aliyekuwa anapanga vikombe vya chai.

Halafu picha ikabadilika. Magunia matatu, midomo imefungwa kamba nyekundu.

Hayakuwa yale yenyewe. Jovina alikuwa ameyapanga siku moja, akayafunga, akayapiga picha ili makala ipendeze. Lakini kamba ni kamba.

"Kamba yangu!" Rebeka alisema, na safari hii hakunong'ona. "Jamani, ile si kamba yangu? Nyekundu ile! Ni yangu mimi!"

Alishika mkono wa Ng'washi akautikisa. Macho yalikuwa yanamng'aa. Miaka yote ile hakuna mtu aliyeitaja kamba yake kwa wema, na leo imewekwa ukutani, kubwa kuliko mlango, mbele ya wageni. Hakujua kinasemwa nini. Aliona tu kwamba watu wazito wameacha kuandika, wamenyamaza, wanaiangalia kamba yake. Mgeni mmoja alivua miwani akafuta macho. Rebeka akaelewa kwa namna yake kwamba hatimaye mtu amemsemea.

Akapiga makofi.

Akina mama wenzake wakafuata, maana sare ni sare. Na wageni, kuona wenye mwalo wanapiga makofi, wakapiga na wao. Ukumbi mzima. Jovina alisimama katikati ya makofi yale na sentensi yake ya mwisho mdomoni, ile ile ya kwenye kioo. Akaisema. Ilitoka laini.

Yule mama wa Kizungu aligeuka kwenye kiti chake, akamtafuta Ng'washi kwa macho, akamtabasamia. Tabasamu la pole. Lilikuwa la kweli kabisa, na ndilo lililomaliza kila kitu.

Ng'washi alisimama.

Mwenyekiti wa kikao, Dokta Rwehumbiza, alidhani anataka kushukuru, akaonyesha ishara apewe kipaza sauti. Ng'washi hakukipokea. Alimgeukia Rebeka, aliyekuwa bado amekaa, mikono yake bado imekutana.

"Rebeka. Acha kupiga makofi."

"Kwa nini, Mama Luhende?"

"Unajua anasema nini yule?"

"Si anasifia kamba yangu?"

"Anasema habari ya yale magunia ya mvua. Yalikuwa ya kwangu. Nilifunga mimi. Nilichukua kamba yako pale ulipoitundika, nikafunga na mkono wangu huu, na kwenye kikao nilinyamaza."

Aliyasema kwa Kiswahili cha kawaida, polepole, kama anaomba chumvi. Kule nyuma mhudumu aliacha vikombe. Fundi wa mitambo alitoa vifaa masikioni. Wanawake wote wa mwaloni waligeuza shingo kwa pamoja. Kwa mara ya kwanza siku ile, upande wa kushoto walikuwa wanajua kinachoendelea, na upande wa kulia wanaangaliana.

Yule mama wa Kizungu aliinua mkono, kwa adabu, akauliza kama wanaweza kutafsiriwa. Wengine wakaitikia. Tafadhali, na wao wasiachwe nje.

Rwehumbiza alimwinamia Jovina, akamwambia kwa Kihaya, haraka: "Sema anashukuru. Sema anawashukuru wageni, basi. Nusu dakika tu, mkataba umeupata."

Jovina alikiangalia kipaza sauti mkononi mwake. Sentensi ya Kiingereza ilikuwa tayari, nzuri, fupi, imejitengeneza yenyewe bila hata kumuuliza. Aliihisi ulimini.

"Wanaomba nitafsiri," alisema, na alisema kwa Kiswahili. "Mambo haya sitafsiri. Nilishayatafsiri mara moja, na ilikuwa kosa."

Akakiweka kipaza sauti chini. Rwehumbiza alikaa, akaanza kuzipanga karatasi zilizokuwa zimepangika tayari.

Rebeka alikuwa hajaondoa macho kwa Ng'washi. "Siku ile niliapa kwa mtoto wangu," alisema. "Ulikuwa umekaa wapi?"

"Nilikuwa nimekaa karibu na wewe."

"Kama leo."

"Kama leo."

Rebeka alisimama, akaangalia ule upande wa kulia. Aliwapitia mmoja mmoja, wenye miwani na wasio na miwani. Halafu akamwangalia Jovina kule juu.

"Mkwe. Na hawa wote walikuwa wanajua?"

"Walikuwa wanajua."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana. Ilipochapishwa."

"Mwaka jana mzima." Alihesabu kitu kichwani. "Unanikuta mwaloni nimelowa mpaka kiunoni, unaniamkia, shikamoo mama, na mimi naitikia marahaba. Na watu wa Ulaya huko wananijua kuliko ninavyojijua."

Jovina alishuka ngazi moja ya jukwaa.

"Na mimi nimepiga makofi," Rebeka alisema.

"Rebeka, mdogo wangu," Ng'washi alianza, "kamba yako..."

Rebeka alikuwa ameshainama. Alivua kiatu kimoja, akavua na cha pili, akavipanga vizuri mbele ya miguu ya Ng'washi, vikitazama kwa mwenyewe. Akakitoa na kile kitambulisho shingoni, akakiweka juu ya kiti alichokuwa amekalia. Kisha akageuka, akapita katikati ya ukumbi peku juu ya kapeti, bila kumwangalia mtu, mpaka mlangoni, akatoka.